Tyuna ya USB, kisimbuzi, kinasa HDMI au tyuna ya mtandao: ipi ya kurekodia televisheni?

Kama shida yako ni kutazama tu, usinunue tyuna ya USB, yaani kile kipokezi kidogo cha televisheni kinachochomekwa kwenye kompyuta. Televisheni za siku hizi zina tyuna ndani yake, kisimbuzi kinawaka kwa kitufe kimoja, na hakuna anayefurahia kusubiri kompyuta iamke, programu ifunguke na chaneli ipatikane ndipo akute taarifa ya habari imeshafika kwenye michezo. Thamani ya kifaa hiki iko kwenye kurekodi. Hapo ndipo kinapowaacha nyuma karibu wapinzani wake wote, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kinachoingia kwenye diski

Tyuna ya kidijitali haitengenezi picha. Inashika masafa uliyochagua, inasahihisha makosa yaliyotokea njiani, kisha inaikabidhi kompyuta data ile ile iliyotoka mnarani: vifurushi vya baiti 188, kimoja baada ya kingine, vimebeba picha, sauti, manukuu na ratiba ya vipindi. Picha imeshabanwa na kituo chenyewe kwa mbinu ya kubana video kama MPEG-2, H.264 au HEVC. Kwa hiyo kurekodi ni kuandika kinachopita, basi. Kompyuta kuukuu isiyoweza hata kuhariri video inarekodi chaneli ya HD huku prosesa yake ikiwa karibu imelala.

Nafasi inayohitajika ni rahisi kukadiria: chukua megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, unapata GB kwa saa. Chaneli ya kawaida ya megabiti 2 inakula takriban GB 0.9 kwa saa. HD ya megabiti 8 inakula GB 3.6. Ndiyo maana diski ya TB 1, iliyo ndogo kwa viwango vya leo, inabeba saa nyingi kuliko utakazopata muda wa kuzitazama.

Kinasa HDMI, kifaa kinachorekodi picha inayotoka kwenye tundu la HDMI la kisimbuzi, kinafuata njia nyingine kabisa. Kisimbuzi kwanza kinaifungua picha, kinaituma kwenye kebo, kisha kinasa kinaipokea ikiwa wazi na kompyuta (au kinasa chenyewe) inaibana upya. Kila kubana upya kunapoteza kitu, na hasara huonekana haraka kwenye nyasi za uwanja wa mpira, mawimbi ya maji na moshi. Isitoshe, unarekodi kila kinachopita kwenye skrini. Mtu akigusa rimoti, menyu inaingia kwenye filamu yako. Akihamia chaneli nyingine, filamu imeishia hapo. Manukuu yanagandishwa kwenye picha na huwezi kuyazima baadaye, na kama kipindi kilirushwa na sauti za lugha mbili, unabaki na moja.

Kuna na mtego wa boksi. Vinasa vya bei ya chini kabisa vimeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Maana yake ni kwamba vinakubali kuingiziwa picha ya 4K. Kinachotoka upande wa USB 2.0 kwa kawaida ni 1080p ya fremu 30, tena iliyobanwa kwa MJPEG, mbinu inayobana kila fremu kama picha peke yake. Halafu visimbuzi vingi hulinda tundu la HDMI kwa HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, na kinasa kinachofuata kanuni kitakuonyesha skrini nyeusi. Mimi ningekinunua kwa ajili ya kamera au mashine ya michezo. Kwa televisheni, ni njia ya mwisho.

Jambo moja dogo ambalo watu huligundua umeme ukishakatika: faili la TS, yaani vile vifurushi vya mnarani ambavyo tyuna huviandika kama vilivyo, linaweza kuchezwa kuanzia popote na kuishia popote. Kompyuta ikizimika katikati ya mechi, ulichorekodi mpaka dakika ile kipo. Faili la kawaida la MP4 huandika faharasa yake mwishoni, na likikatwa kabla ya hapo mara nyingi halifunguki. Ukirekodi kwa kinasa HDMI, basi, chagua MKV au TS kwenye programu yako, si MP4.

Kisimbuzi chenye tundu la USB ndiye mpinzani halisi

Visimbuzi vingi, hata vya bei ndogo, vina tundu la USB na kitufe cha kurekodi. Navyo vinaandika data ile ile ya mnarani bila kuibana upya, kwa hiyo ubora wa picha ni sawa kabisa na wa tyuna. Vinatumia umeme kidogo kuliko kompyuta, havihitaji draiva (programu inayoitambulisha tyuna kwa kompyuta), na mzee wa nyumba anaviendesha bila kufundishwa. Mtu anayerekodi tamthilia leo ili aitazame kesho na kuifuta hana sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Tofauti inaanza pale unapotaka kuimiliki rekodi. Baadhi ya visimbuzi hufunga faili kwa msimbo wa kifaa chenyewe: ukichomeka diski kwenye kompyuta, unaona faili lakini halichezi popote, na kisimbuzi kikifa, maktaba yako imekufa nacho. Vingine huandika TS ya wazi unayoweza kuinakili na kuikata upendavyo. Boksi halitakuambia kipi ni kipi. Kabla hujaanza kujenga mkusanyiko, rekodi dakika tano, peleka flashi kwenye kompyuta, fungua kwa programu ya video ya VLC. Likicheza, uko huru.

Angalia pia diski ilivyoumbizwa. Umbizo la FAT32 halikubali faili linalozidi GiB 4 (karibu GB 4.3), yaani kama dakika 71 za HD ya megabiti 8. Kisimbuzi kizuri kinagawa rekodi vipande vipande bila kupoteza sekunde. Kibovu kinaacha pengo kati ya kipande na kipande, au kinasimama kimya kimya na kukuachia kipindi cha kwanza cha mechi pekee. Kwenye kompyuta tatizo hili halipo ukitumia NTFS, exFAT au ext4.

Na kuna suala la ratiba. Kisimbuzi cha kawaida kinakubali orodha fupi ya saa za kurekodi. Programu ya kompyuta inasoma ratiba inayorushwa pamoja na chaneli, ambayo kwenye DVB, kiwango cha matangazo cha Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, mara nyingi hufika hadi siku saba mbele, na unaiambia: rekodi kila sehemu ya kipindi hiki, ruka marudio, ongeza dakika tano kabla na kumi baada. Kwa anayefuatilia vipindi vingi, hili peke yake linatosha kulipia tyuna.

Kiwango cha matangazo kwanza, jina la kampuni baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tyuna hupokea kiwango ilichotengenezewa tu, na dunia haikukubaliana kuhusu kimoja. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika zinatumia DVB-T au DVB-T2. Marekani, Kanada, Meksiko na Korea Kusini ni ATSC. Japani na Brazili ni ISDB-T, ambayo pia ilichaguliwa na sehemu kubwa ya Amerika Kusini, na Botswana katika Afrika. China ina DTMB yake. Tyuna iliyonunuliwa bara moja inaweza kuwa pambo tu katika bara jingine.

Ndani ya DVB kwenyewe, ile "2" ya mwisho ndiyo kila kitu. Tyuna ya T2 inapokea na T. Ya T haipokei T2 kamwe, na hakuna draiva wala programu itakayoibadilisha, maana kazi hiyo inafanywa na chipu. Sokoni zimejaa tyuna ndogo za chipu ya RTL2832U, zilizoandikwa "DVB-T+DAB+FM". Ni za bei rahisi mno, na tangu 2012 wapenzi wa redio wamezigeuza kuwa vipokezi vya kila aina ya mawimbi, kazi ambayo tyuna hizo zinaiweza vizuri sana. Kwa televisheni ya T2 hazina msaada wowote. Ukiona bei inavutia kupita kiasi, tafuta herufi T2 kwenye maelezo, na usipozipata, achana nayo.

Kwa ISDB-T mtego unaitwa one-seg. Chaneli imegawanywa katika vipande 13, na kimoja kimetengwa kwa simu na vifaa vidogo. Tyuna nyingi za bei nafuu zinapokea kipande hicho kimoja tu, chenye picha ya ukubwa wa 320×180 hivi. Kwenye skrini ya kompyuta inaonekana kama kitu kilichopigwa picha kupitia dirisha lenye vumbi. Inayofaa ni ile ya full-seg, inayopokea picha kamili.

Kisha kuna kodeki, yaani ile mbinu ya kubana na kufungua video. Ujerumani ilipohamia DVB-T2 HD mwezi Machi 2017, ilichagua HEVC, na kompyuta nyingi za wakati ule zilirekodi vizuri lakini zikashindwa kuonyesha picha bila kukwama. Tyuna haihusiki na hilo. Kama chaneli zako ni za HEVC, hakikisha kadi ya michoro ya kompyuta inaifungua yenyewe, la sivyo prosesa itahangaika.

Moja, mbili, au ya mtandao

Watu huhesabu chaneli. Anayerekodi anapaswa kuhesabu multipleksi, yaani mafungu ya chaneli. Masafa moja ya kidijitali hubeba chaneli kadhaa kwa pamoja, na tyuna ikishatulia hapo, zote zimeshaingia kwenye kompyuta. Programu kama Tvheadend au DVBViewer zinaweza kurekodi tatu au nne kati ya hizo kwa wakati mmoja kutoka tyuna moja. Unahitaji ya pili pale tu unapotaka kitu kilicho kwenye multipleksi nyingine saa ile ile. Kabla ya kulipia mbili, chora orodha ya chaneli unazozipenda na masafa yake. Mara nyingi utakuta nyingi zinakaa pamoja.

Mahitaji hayo yakiwepo kweli, kifaa kimoja chenye tyuna mbili ni bora kuliko vijiti viwili (tyuna mbili za USB zenye umbo la flashi). Hauppauge WinTV-dualHD ndio mfano unaojulikana zaidi: tundu moja la antena, tyuna mbili ndani, na inafanya kazi Windows na Linux. Vijiti viwili vinahitaji kigawanya antena, na kigawanya cha njia mbili kinaacha kila tawi na chini ya nusu ya nguvu iliyoingia, hasara ya takriban dB 3.5. Kwa aliye karibu na mnara si neno. Kwa aliye mbali, chaneli ya pembeni inatoweka.

Usidanganywe na rangi ya buluu ya USB 3. Multipleksi nzima ya T2 haizidi sana megabiti 40 hadi 50 kwa sekunde, na ya ATSC ni 19.39. USB 2.0 inabeba 480. Hakuna kinachopatikana kwa kulipa zaidi.

Tyuna ya mtandao, ambayo HDHomeRun ya Silicondust ndiyo maarufu kuliko zote, inabadilisha swali. Inakaa karibu na antena, inachomekwa kwenye ruta, na kifaa chochote ndani ya nyumba kinaomba chaneli: laptopu, simu, televisheni ya chumba cha pili. Haijali kompyuta ni Windows, Mac au Linux, kwa sababu draiva karibu haipo. Hii ndiyo faida yake kubwa, na kwa mtumiaji wa Mac ningesema karibu ni lazima. Upande wa USB kwenye macOS umebaki mwembamba. Programu ya EyeTV, iliyoanzia kampuni ya Elgato kisha ikachukuliwa na Geniatech, ndiyo karibu peke yake.

Gharama yake ni kubwa zaidi, inataka umeme wake, na Wi-Fi dhaifu inaiharibia sifa. Data ya televisheni haisubiri. Ruta ikisita sekunde moja, rekodi inapata kovu. Kompyuta inayorekodi iunganishwe kwa waya. Tyuna ya USB haina mashaka hayo, inaingia mfukoni, na inasafiri na laptopu. Kwa kompyuta moja na mtu mmoja, USB inatosha. Nyumba yenye skrini nne, nunua ya mtandao na usitazame nyuma.

Kadi ya PCIe, ile inayofungwa ndani ya kompyuta, nitaipita haraka. Ni imara, haichomoki, zipo zenye tyuna nne au nane, lakini inataka kompyuta ya mezani yenye nafasi. Wenye seva yao nyumbani wanajijua.

Programu ndiyo utakayoishi nayo

Kabla ya 2015 jibu la Windows lilikuwa jepesi: Windows Media Center. Microsoft iliiondoa Windows 10 ilipotoka, na tangu hapo kila mtu anajitafutia. Tyuna huja na programu yake, na nyingi ya hizo ni za kujaribia tu. NextPVR ni ya bure na inafanya kazi ya kurekodi kwa ratiba vizuri. DVBViewer ni ya kulipia na inampa mchunguzi kila namba anayoitaka. Plex ina sura nzuri kuliko zote, ila kurekodi kunadai Plex Pass ya kulipia, na si kila tyuna ya USB inakubalika. VLC inaweza kufungua chaneli, lakini kuitegemea kwa ratiba ni kujitesa.

Kwenye Linux mambo yamegeuka: draiva nyingi ziko ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe, unachomeka na tyuna inajitokeza kwenye /dev/dvb, pengine baada ya kuweka faili moja la fimuweya, programu ya ndani ya tyuna. Tyuna ambazo mtengenezaji alishazitelekeza kwenye Windows bado zinafanya kazi huko. Tvheadend kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na programu ya kutazamia iitwayo Kodi kwenye televisheni, ni mpangilio ambao ukishasimama hauhitaji kuguswa. Kuusimamisha ndiyo kazi. Kurasa za mipangilio ya Tvheadend zinaonekana zimeandikwa na mhandisi kwa ajili ya mhandisi mwenzake.

Sheria yangu ya ununuzi ni kutafuta namba kamili ya toleo, si jina la bidhaa. Watengenezaji hubadilisha chipu ndani ya boksi lile lile, na tyuna mbili zenye jina moja zinaweza kuwa moja inatambulika na nyingine haitambuliki.

Laptopu ina tatizo lake. Inalala. Programu inaweza kuiamsha saa ya kurekodi ikifika, lakini mipangilio ya umeme mara nyingi huzuia jambo hilo laptopu ikiwa kwenye betri, na Windows nayo hupenda kuzima tundu la USB ili kuokoa umeme. Ruhusu vipima muda vya kuamsha, zima usingizi wa USB, kisha jaribu kwa kipindi kisicho na maana kabla ya kukiamini kifaa kwa fainali.

Antena inashinda vyote

Kile kiantena cha sumaku kinachokuja ndani ya boksi kina kazi moja: kukuhakikishia kwamba tyuna haijafa. Ukiunganisha tyuna ya bei ya kati na antena nzuri ya juu ya paa, utapata rekodi safi kuliko tyuna ghali yenye kiantena kile. Kwenye kutazama, doa la sekunde moja linasahaulika. Kwenye rekodi linabaki daima, na linajirudia kila unapoitazama.

Usichomeke kijiti moja kwa moja kwenye laptopu. Matundu ya USB 3 na kebo za HDMI hutoa kelele za redio, na kijiti kinakaa katikati yake. Kebo ya USB ya kurefushia inakitoa kwenye kelele hizo, inakipa hewa (maana hupata joto kweli), na inaliokoa tundu lisivunjike kwa uzito wa waya wa antena. Vijiti vidogo vina tundu la MCX, jembamba mno, kwa hiyo adapta iwe ya waya mfupi unaopinda, si ya chuma kigumu.

Ukipima mawimbi, asilimia ya nguvu isikudanganye. Tazama ubora, yaani SNR (mawimbi yanavyoizidi kelele) kwa dB, na idadi ya makosa yasiyosahihishika, ambayo inapaswa kubaki sifuri. Aliye chini ya mnara anaweza kupata nguvu asilimia mia na picha iliyovunjika, kwa sababu tyuna imezidiwa; dawa yake ni kipunguza mawimbi, wala si kiongeza nguvu.

Dishi, chaneli za kulipia na vijiti vya zamani

Kwa setilaiti, kijiti kidogo hakitoshi. Kichwa cha dishi kinataka volti 13 au 18, na USB inatoa 5. Tyuna za USB za DVB-S2, DVB ya setilaiti, kwa hiyo ni maboksi yenye adapta yake ya umeme, na ulinganisho na kisimbuzi unaegemea zaidi upande wa kisimbuzi.

Chaneli zilizofungwa kwa msimbo hazifunguki kwa tyuna ya kawaida. Inahitajika tyuna yenye nafasi ya moduli ya CI (kifaa kinachosoma kadi ya mtoa huduma), ambazo kwa USB ni chache, na kadi ambayo mtoa huduma anaikubali humo. Wengi hawaikubali. Kama karibu kila unachotazama ni cha kulipia, baki na kisimbuzi cha mtoa huduma chenye diski. Kuhusu haki, kurekodi ili utazame baadaye nyumbani kumekubaliwa katika nchi kadhaa (Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4), lakini kusambaza rekodi ni habari nyingine, na sheria za nchi yako ndizo za kufuata.

Vijiti vya analogi vilivyobaki madukani na kwenye mitumba havipokei tena chochote mahali minara ya analogi imezimwa, na kwa nchi nyingi za Ulaya na Afrika tarehe ya kuizima iliyokubaliwa Geneva mwaka 2006 ilikuwa 17 Juni 2015. Hata hivyo usikitupe chenye matundu ya video ya nje, yale ya njano, nyekundu na nyeupe. Kinanasa kanda za VHS vizuri, na kwa kazi hiyo kile chenye chipu yake ya kubana MPEG-2 ndani ni cha kupendelea, kwa kuwa hakiibebeshi kompyuta mzigo wa kubana picha papo hapo. Hakikisha tu draiva yake inakubali toleo la mfumo ulilonalo. Isipokubali, kichomeke kwenye Linux kabla ya kukikatia tamaa.